Usukani wa Moto wa Mzee wa Rhotia

Toyota Prado iliingia gereji asubuhi moja ya Julai, pale Unga Limited, Arusha, Mlima Meru umefunikwa na wingu mpaka chini na watu wamejikunja ndani ya makoti. Honi hailii, vitufe vya redio kwenye usukani vimekufa, taa ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ajalini, inawaka kwenye dashibodi. Halafu ile harufu ya plastiki iliyoungua, ambayo fundi umeme akiinusa mara moja haulizi tena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Usukani wangu wa moto umezimika."

Mzee ana shamba la kahawa juu ya Rhotia, huko Karatu. Hushuka mjini mara mbili kwa wiki, anatoka kwake saa kumi na moja alfajiri, na vidole vyake vina baridi yabisi. Mwanawe anayesoma Urusi alimletea begini usukani wa Prado za huko, ambazo huuzwa na usukani unaopashwa joto kwa umeme. Aliuleta wenyewe tu, bila eabegi. Fundi mmoja akaufunga kwa saa moja. Ukafanya kazi wiki tatu, joto lenyewe la kusuasua, kisha ukafa ukaondoka na honi.

Hiyo saa moja ndiyo iliyonitia shaka. Nikamwambia kabla sijashika spana: "Mzee, kilichoungua si usukani."

Usukani unazunguka, gari halizunguki, lakini umeme wa honi, wa vitufe na wa eabegi lazima upite katikati yao. Kinachoupitisha ni kisanduku cha mviringo nyuma ya usukani, chenye utepe mwembamba uliokunjwa ndani kama kamba ya saa ya zamani ya kutia ufunguo. Kwenye utepe huo kuna vijinjia vya shaba vilivyolala sambamba. Vya honi na redio ni vyembamba kwa sababu kazi yao ni ndogo: vitufe hutumia sehemu za elfu za ampea, na honi haipitishi umeme wake hapo, inaamsha rilei tu, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa.

Kufungua kwenyewe hakuna haraka. Magurudumu yalinyooshwa, ufunguo ukatolewa, waya hasi wa betri ukachomolewa, tukakaa. Maelekezo ya Toyota yanataka angalau sekunde 90, maana kompyuta ya eabegi ina kapasita zinazobaki na chaji. Mimi husubiri dakika tano, chai ipo. Skrubu za eabegi ni mbili, kichwa cha nyota T30, moja kila ubavu, na hazitolewi nje: zinalegezwa mpaka zikwame kwenye nyumba zake. Eabegi ikawekwa mezani uso ukiangalia juu. Ukiilaza kifudifudi ikalipuka, itaruka kama jiwe la teo. Na mita haigusi konekta zake za njano hata kwa sekunde moja, kwa sababu umeme mdogo wa mita inapopima omu, yaani ukinzani wa waya, unaweza kuifyatua.

Nati ya katikati hufunguliwa kwa spana ya boksi namba 19. Nilitia alama ya rangi kwenye shina na kwenye usukani, nikailegeza nati lakini nikaiacha kwenye meno machache, ndipo nikautikisa usukani mpaka ukaachia. Asiyeacha nati usukani humrukia meno. Nimeona mdomo uliopasuka hivyo.

Kisanduku kilikuwa kimevimba upande mmoja. Tulipokipasua, utepe ulikuwa umeyeyuka na kushikana tabaka kwa tabaka. Fundi wa kwanza alikata nyaya za vitufe vya redio akapitisha hita humo. Nikachukua mita nikapima waya wa hita wa usukani wenyewe, nikiwa nimekichomoa kidhibiti chake kidogo cha joto kilichofichwa kwenye tawi la usukani: omu 2.3. Mzima kabisa. Kwa volti 13.8 za gari linalonguruma, hiyo ni ampea 6, wati 83 hivi.

Nikamchorea mzee hesabu kwenye boksi la spea. Vijinjia vile viwili, cha kwenda na cha kurudi, vikiwa na nusu omu kila kimoja, mzunguko mzima unakuwa omu 3.3. Mkondo unashuka mpaka ampea 4 na kidogo. Usukani unapata wati 40, nusu ya haki yake, ndiyo maana joto lilikuwa la kusuasua. Wati nyingine 17 zinaishia ndani ya kisanduku cha plastiki kilichofungwa, ambazo zinatosha kabisa pasi ndogo ya kulehemu. Na ubavuni mwa vijinjia hivyo ndipo panapopita njia ya eabegi.

"Kwa hiyo nilikuwa nimekalia pasi," mzee akasema.

"Umeishikilia mzee, hujaikalia."

Wapo wanaopitisha waya mzito nje ya kisanduku, unaning'inia na kuzunguka na usukani. Mzee aliuliza kama hilo haliwezekani, kwa kuwa spea ilikuwa ya kusubiri. Nilikataa. Waya huo siku moja utajifunga kwenye shina ukiwa unakata kona, na barabara ya kupanda Rhotia kutoka Mto wa Mbu ina kona za kutosha. Tukaagiza kisanduku cha toleo lenye hita, ambacho utepe wake una njia mbili pana za ziada. Tulisubiri karibu mwezi, yeye akitumia gari lingine.

Kilipofika, kijana wangu wa gereji nusura atuharibie siku. Kisanduku kipya huja kimefungwa katikati kwa pini ili kisizunguke. Yeye akaing'oa pini, akakizungusha mkononi aone kinavyoteleza. Ukikifunga hivyo, kona ya kwanza ya kugeuza gari unakwisha utepe kabla usukani haujafika mwisho, nao unakatika. Tukakirudisha: zungusha taratibu kinyume cha saa mpaka kigome, bila kulazimisha, halafu rudi kwa mwelekeo wa saa mizunguko miwili na nusu hivi, mpaka mishale miwili ionane. Na magurudumu yawe yamenyooka muda wote. Kihisi cha pembe ya usukani kilitoka kwenye kisanduku cha zamani kikahamia kipya.

Nyaya ndiyo sehemu niliyoipenda. Kutoka betri fyuzi ya ampea 10, kisha waya wa milimita 2.5 za mraba mpaka mguu 30 wa rilei, na kutoka mguu 87 mpaka njia pana ya utepe. Mguu 86 unapata umeme kupitia swichi yenye taa, tuliyoiweka kwenye kizibo kitupu karibu na goti la dereva. Swichi yenyewe inalishwa na waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu, la sivyo mzee akisahau usiku, asubuhi anakuta betri imekwisha. Mguu 85 na waya wa kurudi wa hita vyote kwenye bodi, rangi imekwanguliwa mpaka chuma king'ae. Maungio yalilehemiwa na kuvikwa mpira wa kusinyaa. Tepu pekee hulegea kwa joto la mchana kisha vumbi linaingia.

Nati ilikazwa kwa niutoni mita 50, skrubu za eabegi 8.8. Eabegi ni ileile ya gari. Iliyotumika kwenye gari jingine sifungi.

Betri ikarudi. Taa ya eabegi iliwaka sekunde chache ikazima, honi ikalia, majirani wakaguna. Taa ya VSC, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze, ikabaki. Tukatoka na gari barabara ya Njiro, tukaliendesha mbele kwa mstari mnyoofu, ikazima yenyewe. Kwenye konekta ya hita nikapima volti 13.5 wakati betri ina 13.8. Mkondo ulianza ampea 6, na dakika chache baadaye kidhibiti kikaanza kukata na kurudisha, kama kinavyotakiwa.

Mzee akaondoka jioni. Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro, simu ikanitoa kitandani.

"Fundi, juu hakuna joto. Na chini hakuna."

Nilisahau kumwambia. Usukani huu una waya wa hita pembeni tu, kulia na kushoto.

"Shika saa tatu na saa tisa, mzee."

"Za Kiswahili au za Kizungu?"

Nikafikiri kidogo, usingizi ukiwa bado machoni. "Zote ni palepale."