Staji ya labo inaanzia kwenye maji

Goma, Jumamosi.

Msimu wa staji, yaani mazoezi ya kazi, umefika, watoto wa sekondari wanaingia labo na makoti meupe yaliyopigwa pasi, macho yote kwenye hadubini. Hadubini ingoje. Hapa kwetu slaidi ya malaria, kile kioo chenye tone la damu, inaweza kuharibiwa na maji kabla hata msomaji hajaketi.

Bomba la Goma linavuta Ziwa Kivu, na maji ya juu ya ziwa hilo yana pH karibu 9. Giemsa, rangi tunayopaka damu ili kimelea kionekane, inataka 7.2. Ukiizimua kwa maji ya bomba, tone lote linaelemea kwenye buluu, na ile nukta nyekundu ya kiini cha kimelea haitofautiki vizuri. Maji yakiwa na asidi, wekundu unatawala na buluu ya kimelea inapotea. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwanastaji iwe kutengeneza bafa, maji yanayoshikilia pH isiyumbe: gramu 0.7 ya potasiamu dihaidrojeni fosfeti na gramu 1 ya disodiamu haidrojeni fosfeti kavu, ndani ya lita 1 ya maji distile. Kisha apime pH mwenyewe, aandike.

Giemsa ya asilimia 10 ni mililita 3 za rangi kwa 27 za bafa, dakika 10 hadi 15, na inachanganywa siku ileile ya kutumika. Pipeti iingiayo kwenye chupa mama, ile ya rangi isiyozimuliwa, iwe kavu kabisa. Tone moja la maji humo linatosha kuanza kuiharibu rangi. Wakati wa kuosha, usiinamishe slaidi na kumwaga. Juu ya rangi kunaelea utando unaong'aa, na ukimwaga hivyo unalala juu ya damu, halafu mtoto anahesabu takataka akidhani ni vimelea. Sukuma utando kwa bafa taratibu mpaka utoke wenyewe.

Tone nene lenyewe: mikrolita 6, lienezwe kwa kona ya slaidi nyingine hadi upana wa milimita 12 hivi. Likiwa bado bichi, liweke juu ya gazeti. Herufi zisomeke kwa shida kidogo. Likizidi unene linabanduka likioshwa. Likauke likiwa limelala, mbali na nzi (wanalilamba kweli) na mbali na jua, kwani joto linagandisha chembe nyekundu na rangi haipenyi tena. Methanoli, ile pombe ya kugandisha damu kwenye kioo, ni ya tone jembamba tu. Ikigusa lile nene, limeharibika.

Kutoboa kidole, sawa, akisimamiwa. Sindano ya mshipa bado si yake, hata akiomba vipi.

Ndipo hadubini: lenzi ya 100, mafuta, na maeneo ya kutazama yasiyopungua 100 kabla ya kuandika "hakuna". Kuhesabu ni kulinganisha na chembe nyeupe 200, tukichukulia kuwa mikrolita moja ya damu ina 8,000: vimelea 150 mara 40 ni 6,000 kwa mikrolita. Vimelea wasipofika 100, endelea hadi chembe 500, uzidishe kwa 16.

Atakayependa kazi hii baada ya mtihani wa taifa, ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, ipo hapahapa mjini. Kwa sasa kila slaidi aliyoisoma irudiwe na mtu wa pili asiyeona jibu lake, na majibu yote mawili yaandikwe daftarini.