Slabu Tuliyoimwaga kwa Mafungu Mawili

Barua ya mfadhili ilifika wakati nguzo za chini zimeshasimama na maseremala wameanza kufunga boksi la slabu, yaani mbao za kushikilia zege la sakafu ya juu. Ilikuwa fupi. Mwaka wake wa fedha ungefungwa mapema kuliko tulivyoelezwa mwanzoni, na fedha yoyote ambayo haijatumika hadi siku hiyo ingerudi kwake. Kwa hiyo jengo letu, wodi ya wazazi yenye ghorofa moja, lilitakiwa kukabidhiwa wiki sita kabla ya tarehe ya mkataba. Bajeti ibaki ile ile. Ubora usiguswe.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mradi. Nilikabidhiwa kazi ikiwa njiani, pamoja na ratiba iliyokwisha kuchorwa na kusainiwa, na hadi barua ile inafika ratiba hiyo ilikuwa inakwenda vizuri tu.

Mwakilishi wa mteja aliitisha kikao kesho yake, ndani ya kontena tulilolifanya ofisi. Alikuja na jibu lake tayari: mafundi waongezwe mara mbili, kazi iende usiku na mchana. Alilisema kwa nia njema kabisa. Kina mama wa eneo lile walikuwa wanajifungulia kwenye chumba kimoja chenye vitanda vilivyobanana, na fedha zikirudi kwa mfadhili wangeendelea hivyo kwa miaka. Mle kontenani sote tuliijua hali hiyo.

Lakini jibu lake lilikuwa linatupeleka kubaya. Watu ishirini wakihamisha rundo la matofali kwa siku mbili, arobaini watalihamisha kwa siku moja, hilo halina ubishi. Zege halijui idadi ya watu waliolimwaga. Kwa siku 7 za mwanzo, likimwagiliwa maji vizuri, hufikia kama theluthi mbili za nguvu yake, na nguvu inayoandikwa kwenye michoro ya mhandisi ni ile inayopimwa siku ya 28. Mirunda iliyolishikilia kwa chini haing'olewi kwa sababu mfadhili ana haraka. Na juu ya boksi moja la slabu kuna mahali pa seremala na msuka nondo wachache. Ukiwaongeza wanaanza kusubiriana, na kila anayesubiri analipwa.

Niliomba nipewe hadi mwisho wa wiki kabla uamuzi wowote haujaandikwa. Mwakilishi hakupenda, ila mkadiriaji majenzi aliniunga mkono. Alisema hawezi kuweka bei kwenye neno "haraka". Aambiwe ni kazi ipi, ipunguzwe siku ngapi, ndipo atasema itagharimu kiasi gani.

Kauli yake ndiyo iliyonipa pa kuanzia. Mwaka 1957 James Kelley wa Remington Rand na Morgan Walker wa DuPont walikaa na swali la namna hiyo hiyo: kiwanda kikitaka kazi iishe upesi, pesa ya ziada iwekwe wapi? Mazoea yalikuwa kukimbiza kila kitu kwa pamoja. Wao wakaonyesha kwamba katika mradi wowote kuna mfuatano mmoja wa kazi ulio mrefu kuliko mingine yote, na huo ndio unaoamua tarehe ya mwisho. Kazi iliyo nje ya mfuatano huo ina nafasi ya kuchelewa bila kumchelewesha mtu, na ukiilipia iwahi, umetoa pesa na tarehe haijasogea.

Nikaichambua ratiba yetu kwa jicho hilo. Slabu, nguzo za juu, kuta za juu, paa, nyaya na mabomba, dari, sakafu, rangi: huo ndio ulikuwa mnyororo mrefu. Uzio, kibanda cha mlinzi, vijia vya nje na kisima cha maji taka vilikuwa na wiki kadhaa za nafasi. Kwa kila kazi ya mnyororo mrefu nikaandika muda wake wa kawaida na muda mfupi kuliko wote unaowezekana, mkadiriaji akaandika bei ya kila hali. Tukagawa tofauti ya bei kwa siku zinazookolewa, tukapata gharama ya kila siku moja tunayoinunua. Tofauti zilitushtua sisi wenyewe. Siku moja kwenye upakaji rangi ilikuwa rahisi. Siku moja kwenye slabu, kwa njia ya kuongeza watu, ilikuwa ghali kuliko zote, na hata hivyo hatukuwa na hakika kwamba tungeipata.

Jedwali, hata likiwa zuri, linajua tu ulichokiandika ndani yake. Nilishuka saiti kumtafuta msimamizi wa mafundi, mzee aliyekuwa kwenye ujenzi tangu mimi nikiwa shuleni. Nilimkuta anawatazama wasuka nondo, ambao siku ile hawakuwa na la kufanya ila kukata vipande na kuvipanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mnataka kutuletea jeshi."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kwa wale wasuka nondo. "Hawa nawalipa kutwa nzima wanangoja maseremala wamalize boksi lote. Boksi likiisha, maseremala nao watakaa wanangoja nondo zisukwe na zege limwagwe. Watu tunao. Kwa nini slabu imwagwe siku moja? Ikate katikati."

Maneno yake yalikuwa machache, lakini ndani yake kulikuwa na mpango mzima. Maseremala wakimaliza nusu ya kwanza wahamie ya pili, wasuka nondo wapande kwenye ile ya kwanza, fundi umeme awafuate na mabomba yake ya nyaya, zege limwagwe. Wakati nusu ya pili inasukwa nondo, nusu ya kwanza inakuwa imeshaanza kukomaa, na baada ya siku chache mafundi wanaanza kupima na kusimamisha nguzo za juu upande ule. Watu ni wale wale na hakuna anayekaa. Kilichobadilika ni ukubwa wa fungu la kazi.

Nimesoma mengi kuhusu kugawa rasilimali, lakini sijawahi kuelezwa jambo hilo kwa ufupi namna ile. Tunapozungumzia rasilimali tunahesabu vichwa, mashine na fedha. Ni nadra kuhesabu saa ambazo mtu yupo kazini, ana ujuzi, analipwa, na kazi yake bado haijamfikia. Kwenye mradi wetu saa hizo zilikuwa nyingi na hazikuonekana kwenye ripoti yoyote, kwa sababu mahudhurio yalikuwa kamili.

Mhandisi hakukubali upesi, na alikuwa na haki. Slabu haikatwi popote mtu anapopenda. Alichagua mstari wa kiungo ulio karibu na katikati ya nafasi baina ya mihimili, mahali ambapo nguvu ya kukata ni ndogo, akaagiza nondo zipite moja kwa moja bila kukatwa, na uso wa zege la kwanza uchongwe uwe na mikwaruzo na usafishwe kabla ya kumwaga la pili. Aliagiza pia tuchukue vipande vya majaribio katika kila fungu, vile vya mchemraba wa milimita 150, vipelekwe maabara vikapondwe. Bila majibu ya maabara, hakuna ambaye angegusa mrunda.

Gharama zilikuwepo. Mashine ya kuchanganyia zege tungeikodi mara mbili. Kiungo kilihitaji kazi ya ziada. Mirunda haikupungua, maana fungu la kwanza lilikuwa bado linaegemea yake wakati la pili linasimamishiwa nyingine. Hata hivyo, malipo ya watu waliokuwa wanangojana yalipotolewa, kilichobaki kilikuwa kidogo kiasi cha kubebwa na fedha za dharura.

Wiki sita hazikupatikana hapo peke yake. Mbao za paa tuliamua ziunganishwe chini uwanjani wakati kuta za juu bado zinapanda, zije kunyanyuliwa zikiwa tayari. Vigae vya sakafu vilivyotakiwa kuja kwa meli tulivibadili kwa vingine vya ubora ule ule vilivyokuwepo ghalani, kwa kibali cha maandishi cha mbunifu. Na kila tulipofupisha mnyororo mrefu, mwingine ulijitokeza kuchukua nafasi yake. Hilo ni jambo ambalo wengi hulisahau, wanakimbiza njia moja mpaka mwisho huku njia nyingine imeshakuwa ndefu zaidi. Kwetu ilikuwa umeme. Kuunganishwa kwenye laini kuu kulikuwa na wiki nyingi za nafasi kwenye ratiba ya zamani, na kwenye ratiba mpya haikubaki hata siku moja. Pale hakukuwa na fundi wa kuongeza. Kulitakiwa mtu mwenye sauti, wa kupeleka maombi mapema na kuyafuatilia meza kwa meza. Nilimwomba mwakilishi wa mteja ashike kazi hiyo yeye mwenyewe, na niseme wazi, hakuna aliyetuokolea siku nyingi kuliko yeye.

Kikao cha mwisho wa wiki kilikuwa kirefu. Tuliyabandika majedwali ukutani. Mwakilishi aliyaelewa, lakini akauliza kwa nini tusianze pia kuunganisha mbao za paa kabla ya michoro mipya ya mhandisi kukamilika, tuokoe wiki nyingine. Mhandisi ndiye aliyejibu. Alitukumbusha Jumba la Opera la Sydney, ambapo ujenzi wa msingi ulianza mwaka 1959 wakati umbo la paa bado halijapata ufumbuzi. Nguzo zilizojengwa zikaja kuonekana haziwezi kubeba paa lenyewe, ikabidi zijengwe upya. Makadirio ya mwanzo yalikuwa dola milioni 7 za Australia. Lilipofunguliwa mwaka 1973 lilikuwa limekula milioni 102. Swali la michoro halikurudi tena mezani.

Bado tulikuwa tumepungukiwa siku, na hapo nilisema jambo ambalo kila mtu alikuwa analikwepa. Barua ilitaka muda ufupishwe, gharama zisipande, ubora usishuke, na kazi ibaki yote. Vitu vinne haviwezi kufungwa kamba vyote kwa pamoja; lazima kimoja kiachiwe, na anayekiachia awe mwenye mradi, si fundi gizani anayepunguza saruji ili awahi. Nikaomba uzio na vijia vya nje vitolewe kwenye makabidhiano. Mama anayejifungua anahitaji maji, taa, kitanda, sakafu inayosafishika na paa lisilovuja. Uzio unaweza kusubiri.

Mwakilishi aliupigania ule uzio. Alikuwa amewaahidi watu. Tulibishana hadi mkadiriaji akatoka nje kupunga upepo. Mwishowe mwakilishi akakubali kumwandikia mfadhili, na mfadhili akajibu kwamba kwake "kukamilika" ni wodi inayofanya kazi.

Kazi ya usiku niliikataa moja kwa moja, na hadi leo ningeikataa. Saa za ziada huonekana zina faida kwa juma la kwanza. Baada ya hapo mtu aliyechoka anapima vibaya, kazi inabomolewa na kurudiwa, na siku hizo za kurudia haziandikwi kuwa ni gharama ya uchovu. Tena tulikuwa tunazungumzia watu wanaotembea juu ya mbao wakiwa wamebeba nondo begani. Nilimwambia mwakilishi kwamba wiki anazoziona kwenye giza zile hazipo, na kama anazitaka atafute mtu mwingine wa kusaini.

Fungu la kwanza la slabu lilimwagwa asubuhi yenye mawingu, la pili likafuata nguzo za juu za upande wa kwanza zikiwa zimeshaanza kufungiwa mbao. Majibu ya maabara yalikuja yamepita kiwango kote kuwili. Mzee alikuwa akisimama pale kwenye kiungo, anahamisha watu wake kwa ishara ya mkono tu, na sikuwahi tena kuwaona wasuka nondo wamekaa.

Wodi ilikabidhiwa kabla vitabu vya mfadhili havijafungwa. Fedha za dharura zilikuwa zimebaki kidogo, na mwakilishi akauliza kama zingetosha uzio. Mkadiriaji alipiga hesabu pale pale, akatikisa kichwa. Zilitosha vijia vya nje. Uzio ulijengwa baadaye kwa fungu jingine, na aliyeutafutia fedha ni mwakilishi yule yule.