Ulipoishia wekundu

Binti wa kaka yangu alishika kikombe changu akasita. "Shangazi, nikinywea hiki nami nitaumwa tumbo kama wewe?" Nikamwambia anywe tu. Kolaitisi ya vidonda, ugonjwa wangu wa uvimbe na vidonda kwenye utumbo mpana, haiambukizwi kwa kikombe, kwa mate wala kwa kuchangia choo. Huenea, ndiyo, lakini humo humo ndani ya mwenye nayo. Hilo sikumweleza, akili ilishanirudisha kwenye kolonoskopi ile ya pili, kipimo cha kuingiza kamera kwenye utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa.

Ya kwanza ililetwa na damu, ute, kukimbilia choo na kutoka mikono mitupu. Wekundu ulikuwa kwenye puru tu, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, nikapewa mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe, ya kupachika huko chini, basi. Miaka ikapita, mingi yake kimya. Kisha damu ikarudi, na safari hii tumbo likanikamata upande wa kushoto.

Nilikataa sindano ya usingizi. Nilitaka kuona. Kamera ilipoingia tu, wekundu ukaanza. Ugonjwa huu huanzia chini na kupanda bila kuruka mahali, tofauti na ule wa Crohn, ugonjwa mwingine wa uvimbe wa utumbo, unaoweza kuacha kipande kisichougua katikati ya vilivyougua. Kwa hiyo nilichokisubiri kwenye skrini ni mwisho wake. Ukuta wa ndani ulikuwa umevimba, mbichi kama goti lililochubuka; mpira ukigusa tu, damu inachuruzika. Tukapita ulipoishia mara ya kwanza. Bado wekundu. "Vuta pumzi, dada," muuguzi akasema. Mbele kidogo, kabla ya kona iliyo karibu na bandama, nikauona mpaka: huku wekundu, kule waridi hafifu linalong'aa, na vimishipa vya damu vimejichora vizuri kabisa.

"Umeishia hapa," daktari akasema, akanyofoa vinyama vya kupima pande zote mbili. Nilifurahi ajabu, kwa mtu aliyetoka kuambiwa ugonjwa umepanda.

Baadaye alinieleza kwamba wengine hubaki na wa puru maisha yote, na wengine hukutwa umeshashika utumbo mpana wote. Kwa nini wangu ulipanda, hakuwa na jibu. Ila eneo likiwa kubwa na miaka ikizidi, hatari ya saratani nayo hupanda. Ndiyo maana baada ya miaka 8 hivi tangu dalili zianze, wengi wetu huitwa kuchunguzwa kila baada ya muda, hata tukijisikia wazima.

Zamu yangu imefika tena. Sina damu, sina maumivu, na sababu za kuahirisha ninazo tele. Wamepiga simu kuuliza kama safari hii nitataka usingizi. Nimewaambia nitawajibu.