Turbo au injini nyingine: nilivyoamua kuhusu Hilux yangu ya 3L

Hilux yangu ni ya mwaka 1994, toleo la LN106 lenye injini ya 3L, jina la dizeli ya Toyota isiyo na turbo, na kazi yake ni viazi. Inabeba magunia kutoka mashamba ya Uwemba hadi Njombe mjini, wakati mwingine inaunganisha hadi Makambako. Chesisi ni nzima, bodi haina kutu ya kutisha, difu zote mbili ziko kimya. Kilichokuwa kinaishinda ni mlima. Ikiwa na mzigo inapanda kwa gia ya pili, moshi mweusi umetanda nyuma, na foleni ya magari inanisubiri nifike juu.

Nilitaka nguvu, na kila niliyemuuliza alikuwa na jibu lake. Kijana mmoja anayecheza na magari ya petroli alisema nifunge supachaja. Fundi wa pampu pale Makambako akasema turbo. Vyote viwili ni vifaa vya kusukumia injini hewa zaidi. Wauza injini wa Gerezani, Dar es Salaam, wakasema toa hiyo, weka 1KZ, dizeli nyingine ya Toyota iliyozaliwa na turbo. Wote walikuwa na hoja, lakini hakuna aliyeniuliza gari linafanya kazi wapi, na kwangu hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza.

Njombe iko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huku presha ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo tu, basi. 3L ikiwa mpya ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 90 na ushee. Ukiileta huku juu inabaki na sabini na kitu, hata kama haina ugonjwa wowote. Pampu ya dizeli nayo haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumwaga dizeli ileile kwenye hewa pungufu, na ile isiyopata hewa ya kuungulia ndiyo inatoka kama moshi mweusi. Watu wengi huku wanabadilisha nozeli kila mwaka kwa sababu ya moshi ambao chanzo chake ni mwinuko.

Kwa hiyo supachaja niliiondoa mapema kwenye orodha. Supachaja inazungushwa na beliti kutoka kwenye pule ya kranki, maana yake inakula nguvu ya injini kwanza ndipo irudishe. Kwa petroli ina raha yake, inajibu papo hapo ukigusa eksileta. Marekani Toyota waliuza supachaja za kitengo chao cha TRD kwa V6 ya lita 3.4, ile 5VZ-FE ya Tacoma na 4Runner, na wenye nazo wanazipenda. Kwa 3L ningelazimika kuchongesha breketi, pule na manifoldi kwa kubahatisha. Halafu kuna suala la mwinuko: mzunguko wa supachaja umefungwa kwenye mzunguko wa injini, uwe Tanga au Njombe ni uleule, hivyo hewa ikiwa nyepesi nayo inasukuma nyepesi. Turbo inaendeshwa na moshi wa eksozi. Hewa ya nje ikiwa nyepesi, geti lake la kupunguzia moshi linabaki limefungwa na gurudumu linakimbia zaidi mpaka presha iliyopangwa ifikiwe. Kwa anayeishi nyanda za juu, huo ni utofauti mkubwa sana.

Nikabaki na mawili: turbo juu ya 3L niliyonayo, au injini iliyozaliwa na turbo. Hapo ndipo nilipompelekea gari fundi mmoja mzee ambaye nimemwamini miaka mingi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza mpango wa turbo. Hakunijibu ndiyo wala hapana. Akasema, "Kwanza tuipime, mwanangu. Tujue tunamwongezea nani mzigo."

Aliiacha injini ipate moto, akatoa glopulagi (plagi za kupasha joto silinda) zote nne, akachomoa waya wa kuzimia dizeli kwenye pampu, akafunga geji ya kompresheni kwenye tundu la kwanza. Betri tulikuwa tumeichaji ikajaa, kwa sababu stata ikizunguka kivivu vipimo vinadanganya. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga stata. Silinda ya kwanza ilisoma 26, ya pili 25, ya tatu 18, ya nne 24, kwa kilo za presha. Kwa 3L, Toyota wanataka injini mpya iwe kwenye 32, cha chini kabisa 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Mzee akaziandika namba zile kwa chaki kwenye boneti, akazitazama kidogo. Kisha akarudisha glopulagi, akawasha, akafungua mfuniko wa oili na kuulaza juu ya tundu bila kuukaza. Ukaanza kurukaruka, na mvuke wa oili ukamjia usoni.

"Ukifunga turbo hapa," akasema, "hewa utakuwa unaisukumia kwenye sampu."

Hilo lilimaliza mjadala wa turbo kwangu. Kuongeza presha kwenye injini ambayo ringi zake zimechoka ni kuimalizia: hewa inapita kando ya pistoni hadi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Ningetaka kuendelea na turbo ingebidi kwanza niioveroo 3L nzima: pistoni, ringi, kuchonga silinda, kushughulikia hedi. Juu yake turbo, manifoldi, intakula ya kupozea hewa ya turbo, mabomba ya oili, kusetiwa upya kwa pampu, na geji ya joto la eksozi, ambayo kwa dizeli iliyoongezewa turbo ni lazima. Pistoni ni za alumini, na alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ukizidisha dizeli bila kujua joto la eksozi, unaendesha gizani. Nilipojumlisha kwenye karatasi, gharama ilikaribia kabisa ile ya injini ya mtumba kutoka Japani pamoja na giaboksi yake.

5L niliifikiria kwa uzito. Ni ndugu wa damu wa 3L: pigo, yaani mwendo wa pistoni, ni lilelile la milimita 96, silinda ndizo zilizopanuliwa kutoka 96 hadi 99.5, na ndiyo maana inafika CC 2,986 kutoka 2,779. Inakaa kwenye mauntini zilezile na giaboksi ileile, spea zake zimejaa kila mji kwa sababu ya Hiace. Ningekuwa Dar au Tanga ningeichukua na kumaliza kazi ndani ya muda mfupi. Lakini 5L nayo haina turbo, na ikifika Uwemba inapungukiwa na hewa vilevile.

Ndiyo nikaamua 1KZ-TE. CC 2,982, turbo ya kiwandani, na nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutonimita 290 dhidi ya 188 za 3L. Ndani ina nozeli zinazorusha oili chini ya pistoni ili zipoe, kitu ambacho kinakuonyesha kwamba waliobuni walijua joto litakuwa kubwa. Ubaya wake unajulikana: hedi. Ikichemka mara moja tu hedi inaweza kupasuka kati ya valvu, na wengi wanaoilaani injini hii waliiweka kwenye gari lenye rejeta ya zamani iliyoziba.

Nilitafuta ya Hilux Surf, ile KZN130, tena ya gia za mkono. Hizo ni adimu, kwa sababu Surf nyingi ni otomatiki, lakini nilikataa kuanza kuunganisha vipande kutoka magari tofauti. Giaboksi ya 3L haikai kwenye 1KZ bila kubadilisha nyumba ya klachi, kwa hiyo nilitaka injini, giaboksi yake, transfa ya kugawia nguvu ekseli mbili, kontroli boksi (kompyuta ya injini) na nyaya zote zikiwa hazijakatwa. Muuzaji akikuambia "nyaya utapata kwa fundi umeme", ondoka. Hii ni injini ya pampu ya umeme. Bila nyaya zake na kontroli boksi yake haitawaka.

Kabla haijaingia kwenye gari tulifungua hedi, tukaipeleka Mbeya ikapimwe kwa presha. Ikarudi ikiwa nzima. Tukaweka gasketi mpya, taimingi beliti mpya, pampu ya maji na thamostati. Beliti ile ikikatika valvu zinakutana na pistoni, sasa injini ikiwa mezani mbona uiache beliti usiyojua umri wake?

Kazi iliyotuchukua muda ilikuwa nafasi kati ya sampu na ekseli ya mbele. LN106 ina ekseli nzima yenye springi za majani, na inapogonga shimo ekseli hupanda. Mzee aliweka vipande vya udongo wa kuchezea juu ya nyumba ya difu, tukajeki ekseli mpaka ikagusa raba za kuzuia, kisha tukashusha na kupima unene wa udongo uliobaki. Mara ya kwanza ulibaki mwembamba kama karatasi. Akachomelea upya mauntini, injini ikapanda na kurudi nyuma kidogo, tukapima tena mpaka kidole kikapita. Propela shafti zote mbili zilibadilishwa urefu na kupigwa balansi. Rejeta niliweka ya kore tatu, na geji ya joto ya pembeni, maana ile ya dashibodi inakuamsha injini ikiwa imeshachemka.

Kuna jambo moja ambalo mafundi hawalitaji. Kadi ya gari ina namba ya injini. Niliomba risiti na nyaraka za forodha za ile injini siku ya kununua, nikazipeleka TRA, mamlaka ya mapato, taarifa zibadilishwe, kisha nikawapa taarifa watu wa bima. Gari lenye namba ya injini isiyolingana na kadi linakuletea maneno barabarani, na siku ya kuuza mnunuzi makini hataligusa.

Sasa mlima wa Uwemba naupanda kwa gia ya tatu nikiwa na mzigo uleule. Turbo inaanza kusikika kwenye mizunguko 1,800 hivi, na moshi umepungua kwa kiasi ambacho hata wanaonifuata nyuma wamekiona. Nikisimama baada ya mlima naiacha iungurume kidogo kabla ya kuzima, oili ipate kuipoza turbo.

Jirani yangu naye ana 3L na alitaka anifuate kwa kila kitu. Tulimpimia: zote nne ziko kati ya 28 na 30, mfuniko wa oili umetulia palepale ulipolazwa. Kwa injini kama ile nimemshauri asiitoe. Atafute turbo ya CT20 na manifoldi ya 2L-T, ambayo ni ya ukoo huohuo wa injini, presha isizidi nusu baa, na geji ya joto la eksozi ifungwe siku ileile turbo inapofungwa, si mwezi unaofuata hela ikipatikana.