Skeli ya C (noti zinazopanda kwa mpangilio) kwenye piano sio rahisi kama wanavyosema
Kila mtu atakuambia anza na C meja kwa sababu ni vitufe vyeupe vitupu, sawa, kuikariri ni rahisi lakini kwa vidole mi naona ndo ngumu maana hakuna cheusi cha kukuongoza. Chopin, yule mtunzi na mpiga piano wa zamani, alikuwa anawaanzisha wanafunzi wake na B meja, ile yenye vyeusi vyote vitano, vidole virefu vinakaa juu ya vyeusi na gumba linapita chini kiulaini. Kwenye C mkono wa kulia vidole ni 1 2 3 (gumba ndo 1, kidole cha mwisho 5), gumba linapita chini, alafu 1 2 3 4 5, ila skeli ya F meja usijaribu hivyo, pale gumba linasubiri mpaka kidole cha nne kipige B flati, cheusi pekee cha skeli hiyo. Na nyie wapiga kinanda wa kanisani mnaobonyeza transpozi (kile kitufe cha kuhamisha ufunguo bila kubadili vidole) kila wimbo, tunawaona 😂