Saruji ya baba

Leo tumebandua kipande cha mwisho cha saruji ya baba.

Ilikuwa kwenye ukuta wa chumba cha mbele, kile kinachotazama uchochoroni. Fundi aliponiita nikaone nilikuwa nakanda unga, nikaenda hivyo hivyo na mikono yangu. Nyuma ya saruji ukuta ulikuwa umelowa chepechepe. Udongo mwekundu umekuwa laini kama uji, na jiwe la tumbawe alilolishika fundi lilichomoka bila hata nyundo.

Baba alipiga lipu ile mimi nikiwa skuli ya msingi. Nakumbuka alivyodunduliza miezi na miezi kununua mifuko ya saruji, na jioni ile kazi ilipokwisha, alivyosimama mlangoni akiutazama ukuta jinsi ulivyonyooka. Alitaka wanawe tulale pazuri. Chokaa wakati ule ilionekana kitu cha masikini, na saruji ndiyo maendeleo.

"Kuta hizi zinakunywa maji kutoka chini, mwanangu," fundi akaniambia. "Kisha zinayatoa nje pole pole kwenye chokaa. Ukiziziba, maji yatakwenda wapi?" Akaanza kumlaumu aliyeifanya kazi ile. Nikamwambia ni baba, Mungu amrehemu. Akanyamaza. Akaokota kipande cha saruji, akakigeuza geuza, akasema: "Lakini alichanganya vizuri. Hakuiba."

Nimelia kidogo, sioni haya kuandika.

Nyumba yetu iko Malindi, upande wa Mji Mkongwe wa Zanzibar unaopakana na bandari. Watu wanaposikia urithi wa dunia, maana UNESCO iliuorodhesha mji huu mwaka 2000, hufikiria mtaa wa Shangani na mahoteli yake. Huku kwetu kuna majumba ambayo miti imeota kwenye nyufa na mabati yametoboka kwa kutu, na ndani yake watu wanaishi, wanapika, wanazaa. Ya kwetu ina ghorofa tatu na kaya sita. Babu na bibi waliingia baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati familia nyingi zilipopewa vyumba katika majumba ambayo wenyewe walikuwa wameondoka. Wao walipata vyumba viwili. Kiwanda (ua wa katikati), kisima, ngazi na paa vikawa vya wote.

Na hapo ndipo ulipoanzia ugonjwa. Kila mtu alisafisha na kupaka rangi ndani ya mlango wake. Dari yangu ndiyo sakafu ya bi mkubwa wa juu, na dari yake ndiyo sakafu ya wale wa ghorofa ya mwisho. Maji ya masika yalipita kwetu sote kwa zamu, na sote tulikinga ndoo. Miaka mingi hakuna aliyepanda juu ya paa ila kutengeneza antena.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kubwa la masultani, iliporomoka. Jumba lile lilijengwa 1883, na sisi tumekua tukiamini kwamba kila kitu kitaanguka hapa mjini ila lile. Watu wawili walifariki. Usiku ule kaya zote sita tulikaa barazani, hata wale waliokuwa hawasemezani, na kila mmoja alikuwa anaziangalia kuta zetu. Hata hivyo mchango wa paa tulikubaliana baada ya masika mengine kupita. Kaya moja haikuwa na pesa. Vijana wao wamebeba kifusi chote kwa mikono, ngazi zote zile, na kwangu mimi wametoa kuliko sisi.

Mkandarasi mmoja alitushauri tuvunje sakafu za juu tumwage zege, ati itakwisha upesi. Nashukuru tulikataa. Zege ni zito, na kuta hizi za mawe na chokaa hazikujengwa kubeba mzigo ule. Isitoshe hapa huwezi kuvunja na kujenga utakavyo: Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe ipo tangu 1985, na ukitaka kugusa nyumba unaomba kibali.

Fundi wetu yeye alianza na bisibisi. Alipita chumba hadi chumba akichoma boriti pale zinapoingia ukutani, maana huko ndiko zinakooza kwanza. Katikati boriti ngumu kama chuma. Mwishoni bisibisi ilizama hadi mpini. Kumi na moja tumezitoa. Siku hiyo ndiyo nilijua kwa nini vyumba vyetu ni vyembamba na virefu. Nilikuwa nadhani mjenzi alibana nafasi, kumbe upana wa chumba ni urefu wa mti wa mkoko. Mikandaa ya baharini ndiyo iliyonipimia chumba nilichozaliwa.

Chokaa tumeilowesha kiwandani. Ilipomwagiwa maji mara ya kwanza ilichemka yenyewe bila moto, ikitoa mvuke, na watoto wakakimbilia kwenye ngazi. Kisha ikafunikwa, ikaachwa wiki baada ya wiki. Bi mkubwa wa juu aliniambia utotoni mwake aliwaona wanawake wakipiga sakafu ya paa kwa magongo, kwa mapigo ya pamoja, wakiimba. Nilimwomba aniimbie. Alikumbuka mstari mmoja tu, akaurudia mara tatu, kisha akasema atanitafutia uliobaki.

Ukuta wa chumba cha mbele sasa uko uchi. Fundi hataki kuupaka kitu mpaka utoe maji yake wenyewe, na chumvi inayotoka naifagia kila asubuhi kwa brashi. Unakauka kutoka juu kushuka chini, na mstari wa unyevu unaonekana wazi. Wiki iliyopita ulikuwa juu ya daka, kishubaka cha ukutani ambamo baba alikuwa akiweka redio yake. Leo asubuhi nimeweka kiganja ndani ya daka. Pakavu.