Siku moja maishani mwangu: kutwa nzima kuwatafutia watu kitabu

Saa 11 alfajiri

Kimara, hapa Dar es Salaam, bado giza. Huu ndio muda wangu wa kusoma, kwa sababu nikishafika dukani nashika vitabu kutwa lakini kusoma hakuna. Wiki hii narudia Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka ya kujua mwisho wa Yusuf, yule mtoto anayechukuliwa kwao na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Sasa nakwenda pole pole, na nimeganda pale dukani kwa Aziz, Khalil anapomkanya Yusuf asimwite tajiri ami, kwani si ami yake hata kidogo. Mtoto alidhani amepelekwa kukaa kwa ndugu, kumbe amewekwa rehani. Mimi naona riwaya nzima imesimama juu ya jambo hilo, hata ile safari ndefu ya msafara kwenda bara.

Gurnah amezaliwa Unguja mwaka 1948 na akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hii aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, ikasubiri mpaka 2022 kutufikia kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ikachapwa hapa hapa Dar na Mkuki na Nyota. Wateja wengi huniambia wataisoma kwa Kiingereza. Mimi huwasihi wasome hii. Watu waliomo ni wa mwambao wetu na wa bara yetu, na kwa Kiswahili unawasikia kabisa wakigombana, wakitaniana, wakiapizana.

Saa 1 asubuhi

Basi la mwendokasi limejaa. Nasimama mpaka Posta.

Saa 2

Nafungua duka, nafuta vumbi, nawasha mashine ya risiti, halafu napanga meza ya mlangoni. Meza hiyo ni ya hadithi tu. Vitabu vya maswali na majibu ya mitihani vinakaa rafu ya ndani kabisa, kwa sababu anayevitaka atavifuata hata ungeviweka darini. Hadithi haina mtu wa kuifuata hivyo. Lazima imkute mteja njiani, iwe wazi, ionekane picha, aishike mkononi kabla hajakumbuka kwamba ana haraka.

Saa 3 na nusu

Anaingia mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Temeke, mama mtu mzima. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, nimekuja na hela kidogo na watoto wengi." Shule imepata kabati, sasa wanataka kulijaza. Orodha aliyoiandika ina vitabu vingi tofauti, kila kimoja nakala moja.

Nilimwomba tuigeuze. Nakala moja ya kitabu katika darasa kubwa itasomwa na mtoto mmoja aliye mwepesi, wengine watasubiri mpaka jalada litoke. Afadhali vitabu vichache, kila kimoja nakala tano au sita, watoto wakae makundi makundi, wasome pamoja na kubishana. Kwa wadogo tulichagua vile vyembamba vyenye sentensi fupi na picha kubwa, vingi vikiwa vile vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991. Mradi ule umetupa hadithi za watoto wanaoishi kama watoto wetu: wanateka maji, wanachunga mbuzi, wanaogopa mwalimu wa zamu. Mtoto akijikuta kitabuni namna hiyo, hahitaji kulazimishwa kukifungua tena.

Kwa darasa la sita na la saba nilimpa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952. Akakunja uso: "Kiswahili chake si kizito kwao?" Ni kizito kwa mtoto anayesoma peke yake kimya kimya. Kwa mwalimu anayesoma kwa sauti, ukurasa mmoja mmoja kila siku kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, ni hadithi isiyoachika. Kuna liwali anayesifiwa kwa wema nchi nzima, lakini kila usiku anawachapa manyani wawili kwa mjeledi, na huku anawachapa, analia. Kwa nini? Mwambie mtoto wa miaka kumi na mbili kwamba jibu lake ni kesho, uone kama atachelewa shule.

Mwalimu alicheka, akaongeza nakala.

Saa 5

Mama mmoja na mwanawe wa darasa la tatu. Wamekuja kununua kitabu cha mazoezi ya hesabu na wamekipata. Mtoto amesimama mezani pangu anapapasa majalada, mama anamwita twende. Nikamwambia, "Mama, dakika moja tu, naomba niwaonyeshe picha."

Kitabu ni Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry, rubani wa Kifaransa aliyekiandika wakati wa Vita Kuu ya Pili na kukitoa mwaka 1943. Kurasa za mwanzo kabisa kuna mchoro. Nikauliza: hiki ni nini? Mama akajibu hapo hapo, "Kofia." Mtoto hakujibu. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, akafuata mstari kwa kidole kutoka upande mmoja, akapanda mgongo wa ile kofia, akashuka, akasimama mwisho kabisa. "Hapa kuna jicho," akasema.

Lipo kweli, nukta ndogo pembeni, na watu wazima wengi hawalioni. Nikafunua ukurasa, akamwona tembo ndani ya tumbo la nyoka. Nikawasomea kidogo kuhusu mtoto aliyechoka kuwaeleza watu wazima kila kitu. Mama akaniuliza kama kitabu hiki kitamsaidia kwenye mtihani. Nilimjibu ninachokiamini: mtoto aliyeliona jicho lile ana akili inayotaka kulishwa, na mazoezi ya hesabu peke yake hayatamshibisha. Wameondoka na vyote viwili. Mtoto kabeba cha hadithi mwenyewe, cha hesabu kabaki nacho mama.

Hii ndiyo njia yangu na siibadilishi. Simsifii mtu kitabu. Maneno kama kizuri sana, kinafundisha, kinasisimua, hayamsogezi mtu hata hatua moja. Namfungulia ukurasa, namsomea kwa sauti, nanyamaza. Kikimwingia kimemwingia.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama lishe wa nyuma ya jengo, na chai. Kijana wa chuo kanifuata huko huko, anatafuta Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwa sababu ameona filamu yake ya mwaka 2021. Hana hela ya kutosha. Nimemwelekeza Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Ni mwendo wa miguu tu kutoka hapa. Wenzangu wa biashara huniuliza kwa nini nafukuza wateja. Simfukuzi. Akimsoma Yasmin akitoroka ndoa ya mzee Raza, ipo siku atakuja kununua nakala yake, na mpaka siku hiyo ifike asikae bila kusoma.

Saa 8 na nusu

Huyu ndiye mteja wa leo niliyemfikiria mpaka jioni. Baba, nadhifu, mpole, binti yake yuko kidato cha tatu bweni. Anataka riwaya "yenye maadili" ya kumpelekea siku ya kutembelea wanafunzi, kwa sababu kuna barua imekamatwa, ya mvulana. Kampiga marufuku simu, na likizo hatatoka nyumbani.

Nilikaa kimya kidogo. Halafu nikatoa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Alikitambua, akashtuka: "Dada, si hiki kiliwahi kuzuiwa mashuleni?" Ndicho. Kilitoka mwaka 1971 na kikazuiwa. Nikamwambia, "Baba yangu, hiki si cha binti. Hiki nakupa wewe."

Nikamsomea sehemu ya Zakaria, baba mlevi na mkali, anapoikuta barua ya mvulana na kumpiga binti yake Rosa kipigo kikali. Rosa analelewa kwa fimbo na hofu, hafundishwi lolote kuhusu wanaume wala kuhusu nafsi yake, kisha siku moja anajikuta mbali na nyumbani, huru, peke yake, hajui pa kukanyaga. Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, hakumwonea haya mzazi yeyote. Nafikiri hasira iliyokipata kitabu hiki ilitokana na hilo kuliko mambo ya mapenzi yaliyomo. Nakiona hadi leo ndicho kitabu cha malezi kilicho bora kuliko vyote tulivyo navyo, ingawa ni riwaya na hakitoi ushauri hata mmoja.

Baba yule alisoma amesimama, kurasa kadhaa, miwani imeshuka puani. Alilipa kwa simu. Hakusema kama atampa binti. Kwa binti nilimchagulia Peponi, akaichukua pia.

Saa 10 jioni

Wateja wa kutoka kazini. Kaka mmoja anafanya kazi bandarini, hasomi riwaya, amemsindikiza mkewe. Nikampa Kuli, ya Adam Shafi vile vile, ya mwaka 1979: Rashidi, mbeba mizigo wa bandari ya Unguja, na mgomo wa mwaka 1948. Hapa Dar makuli walikuwa wamegoma mwaka mmoja kabla. Alianza kusoma hapo hapo, mkewe akamsubiri.

Saa 12 jioni

Nafunga hesabu. Leo tena kuna mtu kaniletea vitabu vya kutoa kopi, vimebanwa kwa waya, vya kuuza nusu bei. Nimekataa kama siku zote. Najua wanaovinunua hawana uwezo, nawaonea huruma kweli, lakini mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa hizo nakala chache zinazouzwa kihalali. Tukimkausha yeye, tusilalamike hatuna hadithi mpya za watoto wetu.

Saa 3 usiku

Nyumbani, nimeshakula, najibu meseji za wasomaji wenzangu. Dada mmoja wa Mbeya hajamaliza riwaya tangu atoke shule, anauliza aanze na ipi. Nimemwambia aziache hizo nzito kwanza. Aanze na Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, ya mwaka 1960, akutane na Bwana Msa na kiko chake, mtu anayetazama vitu ambavyo wengine wamevipita. Ni ya mauaji na upelelezi, si ndefu, na usipoikazia macho inakupiga chenga. Akiimaliza aniandikie, nimpe Kuli, halafu Peponi.

Dukani ilibaki nakala moja ya zamani ya huo Mzimu, jalada limechoka lakini kurasa zote zimo. Nimekuja nayo. Kesho kabla ya kazi naipitisha kituo cha mabasi cha Magufuli, pale Mbezi, ipande basi la asubuhi.